Kabla ya kukopa ununue amplifaya, piga makofi sebuleni

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sijui aliyetunga methali hii alikuwa amenunua nini, lakini mimi kila nikiisikia hukumbuka amplifaya.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Sebuleni mwangu, katika orofa ya tatu ya jumba moja la kupanga huku Eastlands, nilikuwa na spika mbili kubwa za miaka ya 1980 nilizouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Ulaya. Nilikuwa pia na amplifaya ndogo ya wati 40, mashine ya kuchezea santuri, na sanduku la santuri za benga alizoniachia marehemu baba. Katika sanduku hilo kulikuwa na wimbo mmoja ambao baba aliupenda kuliko nyimbo nyingine zote. Kila ulipofika katikati aliinua kidole na kusema, "Sikiliza gita la pili." Gita hilo la pili ndilo nililokuwa nikilitafuta. Kwenye vyombo vyangu halikusikika kamwe. Besi ilinguruma kama lori linalovuka daraja la mbao, na waimbaji walikuwa kama watu waliofunikwa blanketi.

Nikaamua mwenyewe, bila kuuliza mtu, kwamba ugonjwa ni amplifaya. Nilichukua mkopo wa shilingi 90,000 katika chama chetu cha ushirika kazini. Mama watoto nikamwambia pesa hizo ni za kuzungushia ua ile ploti yetu. Siku ya Jumamosi, yeye akiwa kwenye mkutano wa chama chake cha akina mama, nikaingia nyumbani na sanduku jipya: amplifaya ya wati 100, nzito kama gunia la viazi, yenye taa ya samawati mbele. Niliunganisha waya, nikaweka santuri ya baba, nikaketi.

Msomaji wangu, nilichosikia ni tope lile lile, ila sasa lilikuwa tope lenye kelele zaidi. Jirani wa chini alipanda ngazi kuja kubisha.

Mwisho wa mwezi mama watoto aliiona karatasi yangu ya mshahara. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akaketi, akaitazama ile taa ya samawati, kisha akauliza, "Baba watoto, ua la ploti ndilo hili linaloimba?"

Sina haja ya kueleza wiki iliyofuata ilikuwaje. Nataka kueleza jinsi tulivyolipata gita la pili, kwa sababu halikupatikana kwa shilingi 90,000. Na katika kueleza hayo, nitajibu swali ambalo vijana na wazee huniuliza kila mara: mtu akitaka vyombo bora vya muziki nyumbani, au akitaka kuboresha alivyo navyo, aanzie wapi?

Aanzie kwenye makofi.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na binti yetu wa kidato cha tatu alikuwa nyumbani. Alikuwa amesoma habari za mawimbi ya sauti katika somo la fizikia. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja kali. Sebule ikamjibu: "Tang!" Akaniambia, "Baba, chumba chenyewe ndicho kinachopiga kelele." Sebule yetu ilikuwa na sakafu ya vigae, kuta tupu za mawe zinazoelekeana, na dirisha kubwa lenye pazia jepesi. Sauti ikitoka kwenye spika hugonga ukuta, ikarudi, ikagonga mwingine, na masikio hupokea neno moja mara nyingi kwa nyakati zinazopishana kidogo. Hapo maneno huchafuka. Amplifaya kubwa haiwezi kusafisha uchafu huo. Huuongeza tu.

Jambo la pili aliloliona ni kwamba spika zangu zilikuwa zimesukumwa pembeni kabisa, kila moja kwenye kona yake, na moja ilikuwa nusu nyuma ya kochi. Spika ikikaa karibu na ukuta, sauti yake nzito huongezeka. Ikikaa konani, penye kuta mbili na sakafu, huongezeka zaidi. Lile lori langu la kuvuka daraja lilikuwa likitengenezwa na kona za nyumba.

Tulizivuta spika mbele hadi zikawa kama sentimita 60 kutoka ukutani. Tulizipandisha juu ya stuli ili zile spika ndogo za sauti nyembamba ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Tukapima kwa kamba: umbali kati ya spika moja na nyingine ukawa sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwenye kiti, yaani pembetatu yenye pande sawa. Tukatandika zulia la chumbani mbele ya kiti, tukasogeza rafu ya vitabu kwenye ukuta tupu, tukaning'iniza pazia zito. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa jasho na chai. Nilipoweka santuri tena, nilimsikia mwimbaji amesimama katikati, mahali ambapo hakuna spika. Mama watoto, aliyekuwa bado hajanisamehe, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza kuna mgeni gani.

Hata hivyo, gita la pili lilikuwa bado. Binti aliondoa kitambaa cha mbele cha spika, akagusa ule ukingo wa sponji unaoshika koni kubwa. Ulibomoka kama keki. Ukingo wa namna hiyo huoza wenyewe baada ya miaka 15 au 20, hata spika isipotumika. Fundi alibadilisha kingo zote mbili kwa shilingi 5,000, akanishauri pia ninunue sindano mpya ya mashine ya santuri, kwa maana ile ya zamani sikujua ilikuwa na miaka mingapi. Sindano ya almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000 hivi za kucheza, kutegemea umbo lake na usafi wa santuri. Ikiisha makali huharibu santuri yenyewe, na santuri ya marehemu hainunuliwi dukani.

Jioni ile fundi alipomaliza, gita la pili lilitoka. Lilikuwa upande wa kulia, jembamba, likijibu lile la kwanza kama mtoto anayemjibu mama yake akiwa chumba kingine. Nikajikuta nimeinua kidole.

Sasa tuje kwenye funzo, msomaji, kwa mpango wa mahali pa kuweka pesa.

La kwanza ni chumba, kama nilivyosema. Ni cha kwanza kwa sababu ni cha bure au karibu na bure, na kwa sababu kisiporekebishwa hutajua kasoro ya chombo ni ipi.

La pili ni spika. Hizi ndizo hutofautiana zaidi kwa sauti kuliko kifaa kingine chochote katika mnyororo huo, na ndizo zinazostahili fungu kubwa la pesa zako. Usinunue kwa ukubwa. Katika miaka ya 1970 shirika la utangazaji la BBC la Uingereza lilibuni spika ndogo iitwayo LS3/5A, yenye urefu wa kama sentimita 30 tu, ili mafundi wake waitumie ndani ya magari ya kurushia matangazo ambamo nafasi ilikuwa finyu. Haina besi ya kutikisa dirisha, lakini kwa sauti ya binadamu imesifiwa hadi leo, na zile za zamani bado hutafutwa kwa bei kubwa. Ilifaa kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya chumba kidogo. Anayeishi katika chumba kimoja na sebule akanunua spika za ukumbi wa harusi, amejinunulia ugomvi na majirani.

Nyuma ya spika au katika kijitabu chake utaona namba ya desibeli, kwa mfano 87 au 90. Ni kiasi cha sauti ambacho spika hutoa ikipewa wati moja, ukiwa umesimama mita moja mbele yake. Ijue namba hii, itakuokolea pesa. Kuongeza desibeli 3 huhitaji kuongeza wati maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 kwa amplifaya ya wati 50 hutoa sauti kubwa sawa na spika ya desibeli 87 kwa wati 100. Tena, ili sikio lako liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi! Ndiyo maana kutoka wati 40 hadi 100, kama nilivyofanya mimi, hakuongezi hata desibeli 4. Nilikopa shilingi 90,000 ili kununua desibeli nne.

La tatu ni amplifaya. Katika sebule ya kawaida, mara nyingi tunaposikiliza kwa sauti ya kistaarabu tunatumia wati chache mno. Mfano mzuri ni NAD 3020, iliyotoka mwaka wa 1978. Kwenye karatasi ilikuwa na wati 20 tu kwa kila upande, sura yake ya kawaida kabisa, lakini ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani kwa sababu ilizimudu spika ngumu bila kulalamika. Kinachofaa kuangaliwa ni kama amplifaya yako inaelewana na spika: ikiwa spika ni za omu 4, hakikisha amplifaya imeruhusiwa kuziendesha. Aidha, usiikamue amplifaya ndogo hadi mwisho wa kitufe, kwa maana hapo sauti hukatika vibaya na spika ndogo za juu zaweza kuungua. Ukijikuta unafika huko kila siku, basi hapo ndipo una sababu ya kununua kubwa zaidi.

Na ukipita Luthuli Avenue uone sanduku limeandikwa wati 5,000 "PMPO", usishtuke wala usitoe pochi. Herufi hizo ni hesabu ya biashara isiyo na kanuni. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma penye kiasi cha umeme inachotumia. Mashine inayokula wati 60 kutoka ukutani itatoa wapi 5,000 mfululizo? Uliza wati za "RMS". Muuzaji mwaminifu atakujibu.

La nne ni chanzo cha muziki. Hapa wataalamu wamegombana kwa miaka mingi. Kampuni ya Linn ya Uskoti, chini ya mwanzilishi wake Ivor Tiefenbrun, ilihubiri tangu miaka ya 1970 kwamba chanzo ndicho cha kwanza: kilichopotea kwenye sindano hakiwezi kurudishwa na amplifaya wala spika. Kwa santuri wana hoja, kwa kuwa mashine ya santuri ni kitu cha kuzunguka na kutetemeka, na kila tetemeko huingia kwenye muziki. Mashine yao ya LP12 ya miaka hiyo bado inaweza kuboreshwa kipande kwa kipande mpaka leo. Lakini kwa diski zilizoingia sokoni mwaka wa 1982, na muziki wa kwenye simu na kompyuta wa siku hizi, mambo yamebadilika. Diski hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na hata mashine ya bei ya wastani huisoma kazi hiyo vizuri sana. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye simu na pesa kidogo asijisumbue kutafuta chanzo cha ajabu. Anunue spika nzuri ndogo, au hedifoni nzuri akiwa bwenini.

La tano ni waya. Shaba nene ya kutosha, iliyokazwa vizuri, basi. Waya wa milimita 2.5 za mraba, wa aina ambayo mafundi wa umeme hutumia kwenye soketi, hutosha kwa umbali wa sebule zetu. Ukiambiwa waya wa bei ya ng'ombe utalainisha sauti, mshukuru anayekwambia, kisha nenda ununue ng'ombe.

Neno kwa wanaonunua vyombo vilivyokwisha tumika ng'ambo, ambavyo ndiyo njia ya wengi wetu kufikia vitu vya hali ya juu. Umeme wetu ni volti 240, mapigo 50 kwa sekunde. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya volti 120. Ukichomeka moja kwa moja, utaona moshi kabla ya kusikia wimbo. Transfoma ya kupunguza volti hutatua hilo, lakini haibadilishi mapigo. Kwa amplifaya si kitu kikubwa. Kwa mashine ya santuri ya Marekani ambayo mota yake hufuata mapigo 60 ya kwao, ni balaa: santuri inayopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama mara 28, na mwimbaji wa kike atageuka mzee mwenye mafua. Mashine kama Technics SL-1200, ambayo hujiongoza kwa saa yake ya ndani, haina tatizo hilo la mapigo. Kabla ya kulipa, ondoa kitambaa cha spika uguse ule ukingo wa sponji. Zungusha kila kitufe usikie kama kinakwaruza. Sikiliza kila upande peke yake.

Mwisho ni namna ya kusikiliza dukani. Nenda na wimbo wako, ule unaoujua hadi pumzi za mwimbaji, si wimbo wa muuzaji. Mwombe achezeshe vyombo viwili kwa sauti ya kiwango kimoja, kwa maana sikio la binadamu hudanganyika: kilichoongezwa sauti kidogo tu huonekana bora. Na ukiwa nyumbani umeleta kitu kipya, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kaa nacho majuma mawili, kisha rudisha cha zamani. Mwambie mwenzako abadilishe bila kukuonyesha kipi kinapiga. Ukishindwa kutofautisha, kirudishe dukani wakati risiti bado ina uhai.

Mtihani huo ndio alionifanyia mama watoto. Yeye huimba kwaya, na masikio yake ni makali kuliko yangu. Spika zikiwa zimetengenezwa na chumba kimepangwa, alinifunga macho kwa leso, akacheza santuri ya baba mara sita, akibadilisha amplifaya ya zamani na mpya, huku akisawazisha sauti. Nilipata mara tatu, nikakosa mara tatu. Mtu angeweza kurusha shilingi hewani akapata matokeo kama yangu. Akanifungua macho, akaniambia kwa upole, "Ungeniuliza, tungekwenda kusikiliza pamoja."

Niliiuza ile amplifaya kwa shilingi 61,000. Hasara ya 29,000, ukiacha riba, niliilipa kwa miezi mingi ya kwenda kazini na chakula cha kubeba. Ua la ploti lilisimama mwaka uliofuata, na kila nikilitazama naona taa ya samawati.

Sisemi usinunue vitu bora. Nina rafiki ambaye kwa miaka kumi ameboresha vyombo vyake polepole, na ukiketi kwake jioni hutamani kurudi nyumbani. Ila yeye kila hatua anajua anatafuta nini, na mkewe anajua bei. Jumapili ya leo, baada ya chakula, simama katikati ya sebule yako upige kofi moja. Usikilize chumba kitakujibu nini. Kisha waite wa nyumbani, msogeze spika pamoja.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.